Raspberry Pi Pico: bodi ndogo iliyobeba bao la Babu

Skrini ndogo za OLED zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki zina nukta 128 kwa mapana na 64 kwa kimo. Bao la Kiswahili lina mashimo manane kwa mapana, safu nne. Gawa 128 kwa 8 upate 16. Gawa 64 kwa 4, 16 tena. Kila shimo linapata mraba wake kamili wa nukta 16 kwa 16, na pembeni haibaki hata nukta moja. Hesabu hiyo niliipiga nyuma ya daftari la Kemia, usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, nikaifuta nikaipiga upya kwa sababu sikuamini. Na kete za bao zenyewe ni 64! Asubuhi yake nikaanza kuweka pesa za kununua Raspberry Pi Pico, bodi ndogo ya elektroniki unayoiandikia programu mwenyewe.

Nina miaka 17, nasoma kidato cha nne hapa Unguja, na huu ni mwezi wa nane tangu niipate bodi hii. Nimeipeleka kwa fundi ikalehemiwa, nimeunguza pini yake moja, nimeiwekea mchezo mzima wa bao, na Babu yangu ameucheza. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni cha mtu aliyekaa nayo, si cha aliyeifungua juzi.

Pico ilitoka Januari 2021. Wanaoitengeneza ni Raspberry Pi wa Cambridge, Uingereza, na bei waliyoitangaza wao ilikuwa dola 4. Mimi ilinifikia kwa shilingi 22,000, maana mjomba aliinunua Kariakoo akaja nayo kwa boti. Skrini ya inchi 0.96 ilikuwa 15,000, na bredibodi (kibao cha matundu cha kuchomekea vifaa bila kulehemu), nyaya za kuchomeka na vitufe 12,000. Jumla 49,000. Zilikuwa pesa zangu za Idi mbili na za kumbandikia jirani programu za ofisi kwenye kompyuta yake.

Usiifikirie kama kompyuta ya kufungua ukatazama video. Haina kioo, haina kibodi, haina spika. Ni bongo tupu lenye urefu wa milimita 51 na upana wa 21, na pini 40 za kulifungia chochote unachotaka. Chipu yake inaitwa RP2040, ina viini viwili, inakwenda hadi megahezi 133, ina kumbukumbu ya KB 264 na ghala la MB 2. Namba hizo ni ndogo mbele ya simu yoyote ya mtaani. Lakini kwenye simu mimi ni mgeni, natumia nilichoruhusiwa. Kwenye Pico hakuna mtu mwingine ndani. Taa ikiwaka, nimeiwasha mimi.

Saa ya kwanza ni nzuri mno, na hapa naipa bodi hii alama zote. Unabonyeza kitufe cheupe kilichoandikwa BOOTSEL, hukiachii, unachomeka waya kwenye kompyuta, na Pico inajitokeza kama flashi yenye jina RPI-RP2. Unaburuta ndani yake faili la MicroPython, ambalo halifiki hata MB moja, basi. Inajizima, inajiwasha, sasa inaelewa lugha ya Python. Nilikuwa na bando la usiku tu na nikapakua kila kitu kabla ya alfajiri. Programu ya kuandikia inaitwa Thonny, imetoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, na inakwenda bila kukwama kwenye laptopu yetu kuukuu ambayo natumia kwa zamu na dada yangu. Jambo jingine lililonipa moyo: ile sehemu inayoifanya ijitokeze kama flashi imechongwa ndani ya chipu yenyewe na haifutiki. Uandike programu mbovu kiasi gani, ukibonyeza BOOTSEL unaanza upya. Kwa mtu anayejifunza peke yake chumbani, bila mwalimu wa kumuuliza, huo ni usalama mkubwa.

Kilichonikera ni pini. Pico ya kawaida inakuja tupu, mashimo tu pembeni, pini ulehemu mwenyewe. Ipo yenye herufi H inayokuja na pini zake tayari, na kama ningejua ningeitafuta hiyo. Sikuwa na chombo cha kulehemia, nikaenda kwa fundi simu, akanifanyia zote 40 kwa shilingi 3,000. Nikarudi nyumbani, nikafunga skrini, nikaiambia Pico itafute kilichofungwa, ikaniletea mabano matupu. Hakuna kitu. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha programu, siku mbili. Siku ya tatu nikaazima kioo cha kukuzia anachosomea msahafu Babu, nikaitazama bodi chini ya taa: pini ya kwanza na ya pili zilikuwa zimeshikana kwa tone moja la risasi, dogo kama mbegu ya mchicha. Nikamrudishia fundi, akalitoa kwa sekunde tano. Safari hii Pico ikajibu 60, ambayo ndiyo anwani ya skrini ile. Nilipiga ukelele dada akaamka.

Kasoro nyingine ya umbo ni kwamba majina ya pini yameandikwa chini ya bodi. Ukishaichomeka kwenye bredibodi huyaoni tena. Na namba zenyewe ni za aina mbili: pini ya kwanza kwa kuhesabu ni GP0 kwenye programu, ya pili ni GP1, kisha ya tatu ni ya hasi, na kuanzia hapo hesabu mbili zinaachana njia. Mimi nimechora ramani yake kwenye kadi nikaibandika ukutani juu ya meza. Kila anayeanza afanye hivyo siku ya kwanza.

Sasa bao.

Kwa asiyelicheza: kila mtu anaanza na kete sita katika nyumba, yaani shimo lake kuu, mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Ukila kete za mwenzako, zile ulizokula haziendi mfukoni, unazitembeza upande wako mwenyewe. Hili la mwisho ndilo lililoniokoa katika programu nzima. Kwa kuwa kete haziondoki, ukijumlisha mashimo yote 32 na mikono miwili, jibu ni 64 kila wakati, iwe mwanzo, katikati au mwisho. Nikaweka mstari mmoja unaojumlisha baada ya kila hatua, na jumla isipokuwa 64 mchezo unasimama na kuniandikia namba. Wiki ya kwanza iliniandikia 63 zaidi ya mara ishirini. Nilikuwa naitoa kete ya kunamua mkononi na kusahau kuitia shimoni kabla ya kula. Bila ule mstari ningekuwa natafuta mpaka leo.

Hapo ndipo ninapoisifu Pico kuliko bodi aliyonayo binamu yangu, Arduino Uno. Uno R3 ni bodi imara, inavumilia volti 5, na mafundi wengi wanaijua. Lakini kumbukumbu yake ni KB 2 tu. Picha ya skrini hii inahitaji baiti 1024, kwa hiyo nusu ya kumbukumbu imekwisha kabla hujatia kete hata moja. Kwenye Pico picha hiyo hainishughulishi kabisa. Ninaweza kuwa na ubao wa sasa, nakala yake ya kujaribia hatua, na nakala ya nakala. Na kompyuta inayocheza na mtu inaishi kwa nakala: inachukua ubao, inajaribu kila hatua inayoruhusiwa, inahesabu imepata kete ngapi, inachagua.

Kasi yake ndiyo inayotaka subira. Ikitazama hatua moja mbele inajibu papo hapo. Nikiiambia itazame na jibu la mwenzake, inafikiri karibu sekunde tisa. MicroPython ni nyepesi kuandika lakini si ya mbio. Wapo wanaoandika kwa lugha ya C kwenye bodi hiihii na kupata kasi kubwa zaidi, nami nitafika huko baada ya mtihani. Kwa bao sekunde tisa si neno. Babu mwenyewe hukaa zaidi ya hapo, ameshika kete hewani.

Jioni moja kete za kompyuta zilianza kutembea na zikakataa kulala, yaani kuishia kwenye shimo tupu. Zinazunguka, zinafika shimo lenye kete, zinaokotwa, zinaendelea, tena na tena. Nikajua ni kosa langu la programu. Pico haina kitufe cha kuiwasha upya, kwa hiyo kila ikikwama hivyo unachomoa waya na kuuchomeka, na tundu lake ni la chaji za simu za zamani, si lile jipya la pande zote mbili, na ukilichomoa mara mia unaanza kuliogopea. Dawa yake nimeipata: weka kitufe chako kati ya pini ya 30 na ya 28, ukibonyeza inaanza upya. Lakini lile la kete lilinisumbua siku mbili nzima. Mwishowe nikaandika kwenye karatasi mpangilio wa ubao kabla ya hatua ile, nikaenda nao barazani baada ya Alasiri. Nikawaamkia wazee, nikamwomba Babu auweke kwenye bao lake la mti. Akazipanga, akaanza kutembeza kwa mkono. Akatembeza. Kahawa yake ikapoa. Mzee aliyekaa naye akaanza kuhesabu kwa sauti kisha akaacha.

"Hizi hazilali, mjukuu wangu," Babu akasema. "Zipo za namna hii. Mashine yako haina kosa."

Nikarudi nyumbani nikaweka kikomo cha mashimo 200, na siku hiyo ndiyo Babu alipoanza kukiita kitu hiki mashine. Kabla ya hapo alikuwa akikiita simu.

Makosa ya kweli aliyaona yeye. Mara ya kwanza alipokicheza, akiwa ameshika bredibodi kwa vidole viwili kama yai, alikwenda hatua sita akasimama. "Imekula kimbi cha kushoto ikaingilia kulia. Haijui kimbi." Kichwa ni shimo la mwisho pembeni mwa mstari wa mbele, na kimbi ni lile linalopakana nacho. Nilikuwa nimeandika sheria ya kichwa peke yake. Ukila kichwani au kwenye kimbi, lazima uanzie kichwa cha upande huohuo, na mimi kimbi nilikisahau. Mistari miwili ikarekebisha. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa la programu, na ndilo lililobadilisha mchezo wote.

Mwanzoni kila shimo nililiandikia namba. Herufi za MicroPython ni nukta 8 kwa 8, kwa hiyo tarakimu mbili zinakaa kwenye nukta 16 barabara, nami nilijivunia hilo. Babu akatazama akasema, "Hizi za nini? Mimi sihesabu kete. Kete zinaonekana." Nikamtazama akicheza siku tatu mfululizo kibarazani, na ni kweli. Hasogezi midomo, hahesabu. Anaona shimo lina tano kama sisi tunavyoona uso wa mtu. Namba zangu zilikuwa zinamlazimisha asome mahali ambapo amezoea kuona. Nikafuta namba zote. Sasa kila kete ni doa la nukta 2 kwa 2, na shimo moja linabeba madoa 16 kabla sijalazimika kuandika tarakimu. Nyumba nikaizungushia kisanduku, kwa kuwa hata kwenye ubao wa mti shimo la nyumba ni la mraba. Ilinichukua Jumamosi moja. Babu akakishika, hakusema kitu, akanamua.

Kinachomshinda ni ukubwa wa skrini, si bodi. Inchi 0.96 kwa macho ya mzee ni adhabu, na anacheza na kile kioo cha kukuzia mkono mmoja. Ipo skrini ya inchi 2.42 yenye nukta zilezile 128 kwa 64, kwa hiyo programu yangu itabaki karibu kama ilivyo. Bei yake ni zaidi ya mara tatu. Naiwekea pesa.

Umeme nao una hadithi yake. Nilidhani pawabenki itatosha, lakini Pico inakula kidogo sana mpaka pawabenki inadhani hakuna kilichofungwa, inajizima baada ya nusu dakika. Nikahamia betri tatu za kawaida zilizopangwa mfululizo, volti 4.5, kwenye pini ya 39 inayopokea kuanzia 1.8 hadi 5.5. Zinadumu. Na kwa kuwa Pico inahifadhi mafaili, nimeiambia iandike ubao kila baada ya hatua. Betri zikiisha katikati, ukiweka nyingine unaendelea ulipoishia, na hakuna wa kugombana kuhusu nani alikuwa anaongoza.

Ile pini niliyoiunguza ni GP15. Ilikuwa kazi nyingine, ya kupima maji ya simtanki juu ya paa ili mama asimtume mtu kupanda ngazi. Kipimo cha HC-SR04 kinatuma sauti isiyosikika na kusikiliza mwangwi, kisha unapiga hesabu ya umbali. Kinatumia volti 5 na kinajibu kwa volti 5, wakati pini za Pico zimetengenezwa kwa 3.3 tu. Nilikifunga moja kwa moja, kwa haraka. Pini ikafa kimyakimya, bila moshi, na nyingine zote zikabaki nzima. Sasa naweka rezista mbili, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2, kupunguza volti, na maji ya simtanki tunayajua bila kupanda. Kama unakwenda kununua Pico, kitu hiki kishike kuliko vyote nilivyosema: usiipelekee volti 5 kwenye pini za GP.

Ipo pia Pico W, ya mwaka 2022, yenye Wi-Fi ya gigahezi 2.4 na bei ya dola 6 kwa watengenezaji. Rafiki yangu wa darasani anayo. Ni nzuri kwa anayetaka kipimo kitume habari kwenye simu. Ina mtego mmoja uliotupotezea mchana mzima: taa yake ndogo haiko tena kwenye GP25 kama kwenye Pico ya kawaida, imefungwa kwenye chipu ya Wi-Fi, na lazima uiite kwa jina "LED". Masomo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa Pico ya kwanza, unafuata neno kwa neno na taa haiwaki, unaanza kuamini umeuziwa mbovu. Na tangu Agosti 2024 ipo Pico 2, kumbukumbu KB 520, ghala MB 4, dola 5. Kwa anayeanza leo na pesa ndogo, mimi namshauri achukue ileile ya kawaida yenye pini tayari. Kila nilichokifanya hapa kimetoshea, na sehemu kubwa ya ghala bado ni tupu.

Alama zangu: kwa bei, kwa urahisi wa kuanza na kwa usalama wa kutoharibiwa na programu mbovu, tano kwa tano. Kwa umbo lake, yaani pini, maandishi ya chini na kukosa kitufe cha kuiwasha upya, tatu. Vitufe vyangu vitatu vya kuchezea havikuhitaji rezista hata moja kwa sababu Pico inazo ndani, na hilo peke yake lilinipunguzia nyaya sita.

Kazi iliyobaki ni safari ya nyumba. Kete ya mwisho ikiangukia nyumbani, mwenye nyumba ana haki ya kuchagua asimame au aivunje aende, na kompyuta yangu kila mara inaivunja. Babu ameshalijua hilo. Anaiachia njia ifike, inavunja nyumba yake mapema, anaila polepole mpaka mstari wa mbele unakwisha. Amenifunga mashine mara kumi na moja hivyohivyo. Jana nimeandika mistari arubaini mipya ya kuifundisha kungoja, na leo baada ya Alasiri naipeleka barazani.